Nebulaiza kwa Mtoto Anayekohoa: Lini Inasaidia, Lini Inachelewesha Tiba

Mtoto mchanga akianza kukohoa usiku, nyumba nzima hailali. Kifua kinasikika kimejaa, pua zimeziba, ananyonya kidogo kisha anaachia titi na kulia. Siku hizi, katika famasi nyingi za Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Arusha, mzazi anaweza kununua mashine ya nebulaiza kwa urahisi uleule wa kununua kipimajoto. Na kama hana fedha, huenda yupo jirani au shangazi aliye tayari kumwazima yake, pamoja na dawa iliyobaki tangu mtoto wake alipougua.

Nia ni njema. Hata hivyo, nebulaiza ni chombo cha kufikisha dawa fulani kwenye mapafu kwa ajili ya tatizo fulani, hasa njia za hewa zilizobana. Haitibu kila kikohozi. Mtoto mwenye nimonia akiwekewa mvuke nyumbani tangu jioni hadi alfajiri, anapoteza muda ambao angekuwa ameshaanza tiba inayomfaa. Makala haya yanaeleza ni kikohozi gani kinahitaji mashine hii, jinsi ya kuitumia bila kumdhuru mtoto, na ni dalili zipi zinakutaka uache kila kitu uende hospitali.

Mashine inafanya nini

Nebulaiza ya kawaida ina pampu ya umeme inayosukuma hewa kupitia mpira mwembamba hadi kwenye kikombe kidogo chenye dawa ya maji. Hewa hiyo huichanachana dawa ikawa matone madogo mno, kama ukungu, na mtoto huyavuta kupitia maski. Zipo pia mashine ndogo za betri zenye wavu unaotetemeka. Ukungu wa nebulaiza si wa moto, kwa hiyo kazi yake ni tofauti kabisa na kujifukiza kwa sufuria la maji yanayochemka. Usimfukize mtoto mdogo kwa namna hiyo: hakuna dawa inayofika mapafuni, na maji yakimwagika yanamuunguza vibaya.

Kinachotibu ni dawa iliyo ndani ya kikombe. Inayotumika zaidi ni salbutamoli, ambayo hulegeza misuli inayozibana njia za hewa. Ipo budesonidi, inayopunguza uvimbe. Adrenalini nayo hutolewa kwa mvuke, lakini hospitalini tu, kwa mtoto ambaye koo limevimba kiasi cha kumzuia kuvuta hewa. Kila moja ina kazi yake na kipimo chake. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuwasha mashine ni lazima ijulikane mtoto anaumwa nini.

Kikohozi kina sababu nyingi

*Mafua ya kawaida.* Hii ndiyo sababu ya vikohozi vingi vya watoto. Mtoto ana makamasi, anakohoa, pengine ana homa kidogo, lakini anapumua bila shida na ananyonya. Sauti ya kukoroma unayoisikia kifuani mara nyingi inatoka puani, kwa makamasi. Nebulaiza haina la kumsaidia mtoto huyu.

*Bronkiolaitisi.* Ni maambukizi ya virusi yanayovimbisha njia ndogo kabisa za hewa na kuzijaza ute. Huwapata watoto wa chini ya miaka 2, hasa walio chini ya mwaka 1, na mara nyingi huletwa na kirusi cha RSV. Mtoto anaweza kutoa mluzi kifuani anapotoa pumzi, ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni pumu. Lakini hapa njia za hewa zimezibwa na uvimbe na ute, si misuli iliyobana, kwa hiyo salbutamoli kwa kawaida haibadilishi mwenendo wa ugonjwa. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2014, na ule wa Uingereza uliotolewa mwaka 2015, yote inashauri isitolewe kwa bronkiolaitisi. Tiba yake ni kumsaidia mtoto anyonye, kumsafisha pua, na kumpa oksijeni hospitalini inapopungua mwilini. Daktari akikuambia mtoto wako hahitaji mvuke, hajamnyima tiba.

*Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi.* Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2019 nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka 5. Inayosababishwa na bakteria hutibiwa kwa antibiotiki, na ikiwa kali huhitaji oksijeni pia. Nebulaiza haiui bakteria. Na ile ya nyumbani husukuma hewa ya chumbani tu, kwa hiyo haiwezi kumwongezea mtoto oksijeni anayoikosa.

*Kifua kubana na mluzi unaojirudia.* Huyu ni mtoto ambaye amewahi kubanwa zaidi ya mara moja na amewahi kupata nafuu ya wazi kwa salbutamoli mbele ya mhudumu wa afya. Yeye ndiye ambaye nebulaiza inaweza kumfaa, kwa maelekezo ya daktari.

*Sababu nyingine.* Kikohozi kikali kilichoanza ghafla mtoto alipokuwa akila au akichezea vitu vidogo huenda ni karanga, punje ya mahindi au shanga iliyoingia kwenye njia ya hewa. Hiyo ni dharura, na mvuke hauitoi. Kikohozi cha kubweka pamoja na sauti ya kukwaruza anapovuta hewa ni dalili ya koo kuvimba. Kikohozi cha mfululizo kinachomwishia pumzi hadi anatapika kinaweza kuwa kifaduro. Na kikohozi kinachozidi wiki 2, hasa kama mtoto haongezeki uzito au nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa muda mrefu, kichunguzwe kama ni kifua kikuu.

Hesabu pumzi kabla ya kugusa mashine

Kipimo muhimu kuliko vyote hakihitaji fedha. Subiri mtoto atulie au alale, asiwe ananyonya wala kulia. Mfunue nguo, tazama kifua na tumbo. Kila kinapopanda na kushuka ni pumzi moja. Tumia saa ya simu na uhesabu dakika 1 nzima, kwa sababu pumzi za mtoto mchanga hazina mpangilio na kuhesabu nusu dakika hupotosha. Ukipata namba kubwa, rudia.

Kwa viwango vya WHO, anapumua haraka kupita kiasi:

- mtoto wa chini ya miezi 2 anayefikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika;
- mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayefikisha 50 au zaidi;
- mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 anayefikisha 40 au zaidi.

Mtoto anayepumua haraka hivyo anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Naye mtoto wa chini ya miezi 2 anayekohoa apelekwe kituoni hata kama hesabu yake iko chini, kwa kuwa katika umri huo hali hubadilika haraka.

Zipo dalili ambazo hazingoji hata hesabu. Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona mojawapo:

- sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi;
- anashindwa kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu;
- amelegea, haamki vizuri, au amepata degedege;
- midomo, ulimi au ngozi imekuwa ya bluu au ya kijivu;
- anaguna kila anapotoa pumzi, au pumzi inakatika kwa muda kisha inarudi;
- anatoa sauti ya kukwaruza anapovuta hewa ingawa ametulia;
- ana chini ya miezi 2 na ana homa ya nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili umekuwa wa baridi.

Mtoto mwenye dalili hizi asicheleweshwe kwa "tumjaribishie mvuke kwanza". Kama daktari alishakuandikia salbutamoli ya dharura, mpe wakati usafiri unatafutwa, usiusimamishe usafiri ili umalize dawa.

Maswali ya kumuuliza daktari

Ukiandikiwa nebulaiza ya nyumbani, usiondoke bila majibu ya maswali haya, na uyaandikishe kwenye daftari au kadi ya kliniki: Mtoto wangu ana ugonjwa gani? Dawa inaitwaje na kipimo chake ni miligramu ngapi? Naichanganya na nini, kiasi gani? Nimpe kila baada ya masaa mangapi, kwa siku ngapi? Niache lini? Nirudi nikiona nini?

Suala la kipimo lina hatari yake. Salbutamoli ya mvuke huuzwa kwa nguvu tofauti. Ipo ya vichupa vya kutumia mara moja, mathalani miligramu 2.5 ndani ya mililita 2.5, ambayo kwa kawaida haihitaji kuongezwa kitu. Na ipo ya chupa, miligramu 5 katika kila mililita 1, ambayo huchukuliwa kidogo sana na kuchanganywa na maji ya chumvi. Anayezichanganya hizi mbili anaweza kumpa mtoto mara kadhaa ya kipimo alichoandikiwa. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usipime kwa kijiko wala kwa kukisia, na mwombe mfamasia akuonyeshe kwa mkono wake alama unayotakiwa kufika.

Uliza pia kama mtoto anaweza kutumia inhela yenye spesa, yaani ile pampu ya pumu inayopachikwa kwenye chupa yenye maski. Watoto wengi wa chini ya miaka 5 wanapewa salbutamoli kwa njia hii, na tafiti zilizolinganisha njia hizo mbili zimeonyesha kwamba watoto waliobanwa kifua hupata nafuu ileile, huku mapigo ya moyo yakipanda kidogo zaidi kwa wanaotumia nebulaiza. Spesa haihitaji umeme, inaingia mkobani, na inasafishika kwa urahisi. Hata bei isikukatishe tamaa: utafiti ulioongozwa na Daktari Heather Zar mjini Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa na kuzibwa vizuri kwenye mdomo wa inhela, hufanya kazi sawa na spesa ya dukani. Mwombe mhudumu wa afya akutengenezee na akufundishe.

Jinsi ya kumpa mvuke, hatua kwa hatua

1. Nawa mikono kwa sabuni. Kagua jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kichupa kilichofunguliwa na kubaki, au dawa iliyobadilika rangi, itupwe.

2. Hesabu pumzi za mtoto na uandike. Bila namba ya mwanzo hutajua kama amepata nafuu.

3. Chagua chumba chenye hewa, dirisha likiwa wazi. Mashine hutawanya ukungu, na mtoto anapokohoa virusi navyo husambaa. Watoto wengine, bibi na babu wakae chumba kingine. Asiwepo anayevuta sigara, wala jiko la mkaa.

4. Weka mashine juu ya meza imara, mbali na maji. Mimina dawa kama ulivyoandikiwa. Kama unatakiwa kuongeza maji ya chumvi, tumia yale safi ya hospitali ya asilimia 0.9, ambayo wauguzi huyaita nomo salaini. Usitumie maji ya bomba, ya kuchemsha wala ya chupa: maji matupu yanaweza kuzibana zaidi njia za hewa, na yale yasiyo safi hupeleka vijidudu moja kwa moja mapafuni. Maji ya chumvi ya kutengeneza jikoni nayo hayafai.

5. Mpakate mtoto akiwa wima au ameegemea kifua chako. Akilala chali havuti dawa vizuri.

6. Maski iwe ya ukubwa wa mtoto na ikae sawasawa juu ya pua na mdomo bila kuachia nafasi. Wengi huishikilia kwa mbali ili mtoto asisumbuke, kumbe ikiachana na uso kwa sentimita chache tu, sehemu kubwa ya dawa inapotelea hewani.

7. Mtulize. Mtoto anayelia hutoa pumzi ndefu na kuvuta fupi za haraka, na dawa kidogo tu hufika mapafuni. Mwimbie, mwache aishike maski kabla ya kuanza, au subiri kidogo atulie. Kama anapumua taratibu usingizini unaweza kumpa akiwa amelala mikononi mwako, mradi maski haimtoki.

8. Shikilia kikombe kikiwa wima. Kwa kawaida dawa huisha kwa dakika 5 hadi 10. Mashine ikianza kutoa ukungu kwa kukatakata, gonga kikombe kidogo kwa kidole. Ukungu ukiisha, zima.

9. Futa uso wake kwa kitambaa chenye maji. Kama dawa ilikuwa budesonidi, msafishe na mdomo pia, au mnyonyeshe, ili asipate utando mweupe wa fangasi. Kisha hesabu pumzi tena baada ya dakika 15 hivi.

Baada ya salbutamoli, moyo unaweza kwenda mbio, mikono ikatetemeka na mtoto akachangamka kupita kawaida; mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe. Lakini acha na umpeleke hospitali ikiwa anabanwa zaidi, amepauka, anatapika mfululizo au amelegea. Vilevile, akipata nafuu kisha akabanwa tena kabla ya masaa 4 kupita, usimrudishie dawa mara kwa mara ukingojea kuche. Kurudi haraka kwa tatizo ni ishara kwamba amelemewa na anahitaji hospitali.

Visivyoingia kwenye kikombe, na visivyompasa mtoto

Dawa ya kunywa ya kikohozi, antibiotiki ya sindano, mafuta ya mkaratusi, mafuta ya habasoda, maji ya tangawizi: kamwe visiwekwe kwenye nebulaiza. Mafuta yakiingia mapafuni husababisha nimonia ya aina yake ambayo ni ngumu kutibu. Balamu zenye kafuri na mentoli nazo zisitumike kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Kafuri ikiingia mwilini inaweza kuleta degedege.

Asali isitolewe kabla ya mwaka 1, kwa sababu ya sumu ya botulizimu. Dawa za maji za kikohozi hazijathibitika kuwasaidia watoto wachanga, na zile zinazoleta usingizi, kama promethazini, zinaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto wa chini ya miaka 2. Oktoba 2022 WHO ilitoa onyo la dunia nzima baada ya dawa za maji zilizochafuliwa kwa kemikali za dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli kuhusishwa na vifo vya makumi ya watoto nchini Gambia. Na tuseme wazi kuhusu kukata kimeo: hakutibu kikohozi. Kumewaletea watoto kuvuja damu, maambukizi na hata kifo, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea kifuani.

Usafi wa mashine

Kikombe chenye unyevu ni makazi mazuri ya vijidudu, na mtoto huvivuta katika dozi inayofuata. Kila baada ya dozi, mwaga kilichobaki, tenganisha kikombe na maski, vioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, suuza, kung'uta, kisha vianikwe juu ya kitambaa safi hadi vikauke kabisa. Mara moja kwa siku viue vijidudu kama kijitabu cha mashine kinavyoelekeza. Vifaa vinavyoruhusiwa kuchemshwa vichemshwe dakika 5. Mpira wa hewa hauoshwi. Ukiona unyevu ndani yake, washa mashine bila kikombe kwa dakika chache ukauke. Chujio la hewa libadilishwe likichafuka.

Kikombe, maski na mpira ni vya mtoto mmoja. Hata mkiazimana pampu, vifaa hivyo kila mtoto awe na vyake.

Huduma inayowafaa wengi

Kwa mtoto mwenye mafua au bronkiolaitisi isiyo kali, kazi kubwa iko mikononi mwa mzazi. Mnyonyeshe kidogo kidogo na mara nyingi, kwa kuwa anachoka haraka. Kabla ya kunyonya, mdondoshee tone moja au mawili ya maji ya chumvi ya pua ya famasi katika kila tundu, kisha futa makamasi. Usimvalishe nguo nyingi akiwa na homa. Na uwe mvumilivu: kikohozi cha bronkiolaitisi huweza kuchukua hadi wiki 3 kuisha, hata mtoto akiwa amekwisha kupata nafuu.

Kinga nayo ina nguvu kuliko tunavyoipa sifa. Utafiti uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, ulionyesha kuwa RSV mara nyingi huingizwa kwa mtoto mchanga na ndugu yake mkubwa anayetoka nje, hasa wa umri wa shule. Mtoto wa shule anaporudi nyumbani anawe mikono kwa sabuni, na akiwa na mafua asimbusu mdogo wake. Kamilisha chanjo: nchini Kenya na Tanzania zile za kuzuia nimonia na kifaduro hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ondoa moshi wa kuni, mkaa na sigara mahali anapolala.

Jambo moja unaweza kulianza leo, mtoto akiwa mzima. Akilala usiku, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 na uandike namba hiyo nyuma ya kadi ya kliniki. Mfundishe baba, bibi na dada wa kazi wafanye hivyohivyo. Siku kikohozi kitakapokuja, mtakuwa mnaijua hali yake ya kawaida, na hamtahitaji mashine kuwaambia kwamba ni wakati wa kwenda hospitali.